Maji ya Ukingo wa Magharibi na Gaza: nani hasa ameshika koki?

Mdadisi_wa_Ramani:

Wakuu, salaam. Naomba kwa leo tuache nani alianza, maana hizo mada zipo tele na mwisho wake huwa matusi. Nataka kuelewa jambo moja tu: maji.

Huku nasikia Israel imewakausha Wapalestina. Kule nasikia Wapalestina wanapewa maji kuliko yaliyoandikwa kwenye Oslo (makubaliano ya Israel na Wapalestina ya miaka ya 1990), ila wanayavujisha na kumwaga majitaka mabondeni. Kila upande una takwimu zake na hazifanani. Kwa hiyo:

1. Maji yenyewe yako wapi, na Oslo iliyagawa vipi?
2. Mji wa Kipalestina ukitaka kuchimba kisima au kulaza bomba, faili linapita mikono ya nani?
3. Kwa nini kwenye picha kila paa la Kipalestina lina matanki meusi, na makazi ya walowezi wa Kiisraeli mlima wa pili hayana?
4. Gaza ina bahari ubavuni. Si wachuje chumvi tu?

Anayejibu aje na namba, tafadhali.

Mwamba_Chokaa:

Tuanze na mlima, maana ugomvi wote umekalia umbo lake.

Ukingo wa Magharibi una uti wa mgongo wa mawe ya chokaa, kuanzia Jenin kaskazini hadi Hebron kusini. Mvua za majira ya baridi zinanyesha juu ya mgongo huo, zinazama kwenye nyufa, kisha zinateremka chini kwa chini pande tatu: magharibi kuelekea uwanda wa pwani, kaskazini-mashariki, na mashariki kuelekea Bonde la Jordan. Ndiyo hayo matabaka matatu ya maji ambayo wataalamu huyaita akwifa ya milimani.

Tabaka la magharibi ndilo nono kuliko yote. Mvua inayolijaza huzama zaidi upande wa Wapalestina, lakini chemchemi zake mbili kubwa, Ras al-Ayn (kwa Waisraeli, Yarkon) na Taninim, zinatokea ndani ya Israel. Tena kule uwandani maji yana msukumo na yako karibu na uso wa ardhi, wakati aliye juu mlimani anachimba mamia ya mita ndipo ayakute. Israel ilikuwa ikiyavuta kutoka upande wake hata kabla ya 1967. Ndiyo maana hoja yake ya matumizi ya muda mrefu haikuzuliwa tu, na hoja ya Wapalestina kwamba mvua inanyesha kwao nayo ni kweli tupu.

Sasa Oslo ya pili, Septemba 1995, kifungu cha 40. Namba ni mita za ujazo kwa mwaka, na mita 1 ya ujazo ni lita 1,000:

Magharibi: Israel milioni 340, Wapalestina milioni 22.
Kaskazini-mashariki: Israel milioni 103, Wapalestina milioni 42.
Mashariki: Israel milioni 40, Wapalestina milioni 54, na milioni 78 zilizobaki Wapalestina waje waziendeleze.

Ukijumlisha, Israel milioni 483 na Wapalestina milioni 118. Kwenye tabaka la magharibi peke yake, sehemu ya Wapalestina ni asilimia 6. Angalia pia nyongeza imewekwa wapi: wameelekezwa hasa mashariki, kwenye visima virefu na maji ya shida. Magharibi, penye maji mepesi, hawakuongezwa hata tone.

Kifungu hicho hicho kinasema Israel inatambua haki za maji za Wapalestina katika Ukingo wa Magharibi, ila haki zenyewe zingejadiliwa kwenye makubaliano ya mwisho. Mpango mzima ulikuwa wa mpito, wa miaka mitano. Makubaliano ya mwisho hayajafikiwa, kwa hiyo namba za 1995 ndizo zinazotumika hadi leo, na watu wameongezeka mno.

Mto Jordan ni habari fupi: tangu 1967 Wapalestina hawachoti kitu. Kingo zake zimefungwa kijeshi.

Faili_Namba_Tatu:

Swali la 2 ndilo moyo wa mada. Kiasi cha maji kinazungumzwa sana, kibali kinasahaulika.

Msingi ni amri za kijeshi za 1967. Amri Na. 92 ilimpa kamanda wa eneo mamlaka yote juu ya maji. Na. 158, ya Novemba mwaka huo, ikasema hakuna kuweka wala kumiliki chombo chochote cha maji bila kibali. Mwaka 1982 mitambo ikakabidhiwa Mekorot, kampuni ya maji ya taifa la Israel. Oslo ikaja juu ya hayo, haikuyafuta yote.

Kisima kipya leo kinapita hivi. Mamlaka ya Maji ya Palestina inaandaa faili: mahali, tabaka, kina, kiasi cha kuvuta kwa saa na kwa mwaka. Linakwenda Kamati ya Pamoja ya Maji, yenye wajumbe sawa kwa sawa, na uamuzi ni wa kukubaliana wote. Hakuna kura. Neno "pamoja" linadanganya kidogo hapo: kamati inahusu maji ya Ukingo wa Magharibi tu, haigusi visima vilivyo ndani ya Israel. Kwa hiyo Israel ina sauti ya kuzuia kisima cha Mpalestina, na Mpalestina hana sauti juu ya kisima cha Israel kinachovuta tabaka lile lile upande wa pili wa mstari wa mpaka wa kabla ya 1967.

Kamati ikikubali, tazama ramani. Oslo iliugawa Ukingo mara tatu: Eneo A (chini ya Wapalestina) ni kama asilimia 18, B (utawala wa Wapalestina, usalama wa Israel) asilimia 22, C (chini ya Israel) asilimia 60. Mradi ukigusa C, unaanza upya kwenye Utawala wa Kiraia, ambacho ni chombo cha jeshi la Israel, nako unapita kwa watu wa mipango, mambo ya kale, hifadhi na usalama. Na A na B ni visiwa. C ndiyo bahari inayovizunguka. Mfano halisi wa jinsi unavyokwama: tangi liko B, kijiji kiko B, kati yao kuna mita 300 za C. Fedha za mfadhili zipo, mabomba yako ghalani, mtaro umechimbwa pande zote mbili, na hizo mita 300 zinasubiri saini. Mfadhili ana mwaka wake wa fedha, ukiisha anaondoka.

Kwenye C hata birika la kuvuna mvua linahitaji kibali. Lililojengwa bila kibali linaweza kubomolewa, na yamebomolewa mengi, hasa vilima vya kusini mwa Hebron.

Kuanzia 2010 hadi Januari 2017 kamati haikufanya kazi kabisa. Wapalestina walikataa kuidhinisha mabomba ya makazi ya walowezi kama sharti la kuidhinishiwa yao. Makubaliano ya 2017 yalilegeza: mabomba ya kusambazia maji hayahitaji tena idhini ya kamati. Visima bado vinahitaji, na C bado ni C.

Pima_Mara_Mbili:

Wakuu, mnaeleza vizuri lakini mmeruka nusu ya pili ya swali la mleta mada.

Israel kweli inauza zaidi ya ilivyoahidi. Oslo ilitaja mahitaji ya haraka ya milioni 28.6, na ahadi ya Israel ndani yake ilikuwa milioni 9.5, Gaza ikiwemo. Katika miaka ya karibuni kabla ya vita vya 2023, Mekorot ilikuwa ikiwauzia Wapalestina zaidi ya milioni 80 kwa mwaka. Hiyo haipingiki.

Upotevu: karibu theluthi ya maji kwenye mifumo ya Kipalestina hayafiki kwenye bili. Sehemu ni mabomba ya zamani, sehemu ni kujiunganishia kwa wizi, sehemu ni mita mbovu. Kaskazini, upande wa Jenin, kuna visima vingi vya mashambani visivyo na kibali cha mtu yeyote, si cha Israel si cha Mamlaka ya Palestina kule Ramallah. Na halmashauri nyingi hazilipi Mamlaka kwa wakati; Israel inakata deni kwenye kodi za forodha inazokusanya kwa niaba ya Mamlaka.

Majitaka ni aibu. Ya Hebron yanateremka bondeni hadi jangwa la Negev ndani ya Israel, yamechanganyika na tope jeupe la viwanda vya kukata mawe. Hilo tope linakwamisha mtambo wowote: linatuama, linaganda kama saruji ndani ya bomba na matanki. Israel inayasafisha ng'ambo ya mstari na kutoza gharama kwenye zile zile kodi. Chokaa ina nyufa, kwa hiyo kinachomwagwa bondeni leo kinarudi kwenye kisima cha mtu kesho. Mitambo ipo, al-Bireh tangu 2000 na Nablus magharibi tangu 2013, lakini haitoshi.

Mwamba_Chokaa:

Mkuu Pima_Mara_Mbili, sikatai hata moja, ila hizo milioni 80 zisomwe vizuri. Ni maji ya kununua, na yanajaza pengo lililotokana na visima kutochimbwa. Wapalestina mara nyingi wamekuwa wakitoa visimani na chemchemini chini ya ile milioni 118 yao. Visima vya mashariki vilitoa kidogo kuliko ilivyotarajiwa na kina cha maji kinashuka. Aliyeandikiwa milioni 78 mezani hakuzikuta ardhini.

Kwenye majitaka pia, baadhi ya makazi ya walowezi nayo yamemwaga mabondeni, na bonde la Wadi al-Nar kwa miaka mingi limepokea majitaka ya Jerusalem, ya pande zote mbili za mji, kuelekea Bahari ya Chumvi. Mtambo wa kusafisha nao unahitaji kiwanja kikubwa, mbali na nyumba, chini ya mji. Kiwanja cha namna hiyo mara nyingi kiko C.

Niongeze hesabu moja ambayo huwa haipigwi. Siku hizi Israel haina uhaba wa maji kama wa zamani. Mtambo wa Ashkelon ulianza kuchuja bahari 2005, ikafuata ya Palmachim, Hadera, Sorek na Ashdod, na karibu asilimia 90 ya majitaka yake inarudi mashambani. Kwa hiyo watu husema: basi wauziwe ya bahari, yaishe. Sawa, ila Hebron iko karibu mita 930 juu ya bahari. Kuinua mita 1 ya ujazo kwa kimo hicho kunahitaji uniti 2.5 za umeme kwa hesabu ya fizikia tu. Pampu ikiwa na ufanisi wa asilimia 75 ni uniti 3.4. Kuchuja chumvi kwenyewe ni kama uniti 3.5. Maana yake umeme wa kuyapandisha unakaribia ule wa kuyatengeneza, wakati mvua ile ile ilianguka juu ya mlima bure. Makubaliano ya Julai 2017 yaliweka bei ya shekeli (fedha ya Israel) 3.3 kwa mita ya ujazo kwa milioni 22 za Ukingo wa Magharibi, na shekeli 3.2 kwa milioni 10 za Gaza. Hapo bado hujaongeza gharama za halmashauri za kuyafikisha nyumbani.

Mdadisi_wa_Ramani:

Nashukuru sana wakuu. Kumbe "wanapewa" na "wananyimwa" zinaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Matanki je?

Koki_ya_Mtaa:

Matanki ni dawa ya mgao, mkuu.

Maji yakitoka kila siku kwa msukumo, nyumba haihitaji akiba. Makazi ya walowezi yameungwa moja kwa moja kwenye mistari ya Mekorot na yana matangi makubwa ya pamoja, basi bomba halikauki. Mji wa Kipalestina unapokea kiasi fulani kwenye tawi lake, halafu halmashauri inakigawa kwa zamu: fundi anafungua koki ya mtaa huu leo, anafunga, kesho kutwa mtaa mwingine. Bethlehem na Hebron wakati wa joto zamu inaweza kuchukua wiki kadhaa kurudi.

Piga hesabu ya paa. Familia ya watu 6, matanki 3 ya lita 1,000. Wastani wa matumizi ya Mpalestina wa Ukingo wa Magharibi ni kama lita 82 kwa siku, kwa takwimu za 2020 zilizotolewa na B'Tselem, shirika la haki za binadamu la Israel. Mwisraeli, mlowezi akiwemo, lita 247. Kwa lita 82, familia hiyo inamaliza akiba yake siku ya saba. Zamu ikiwa ya siku 20, siku 13 na ushee zinabaki za boza, na maji ya boza yana bei mara kadhaa ya ya bomba.

Meusi kwa sababu plastiki nyeusi inazuia mwanga, ukungu wa kijani hauoti ndani. Hasara yake ni joto: Julai maji yanakuwa vuguvugu na klorini inapotea haraka. Msichanganye na tanki dogo jeupe lenye kioo cha jua pembeni. Hilo ni la kupasha maji ya kuoga na liko pande zote, kwa Waisraeli na Wapalestina.

Mgao wenyewe unaharibu mfumo, na hapa ndipo theluthi ya Pima_Mara_Mbili inapata maelezo yake. Bomba likiwa tupu linanyonya uchafu kupitia nyufa, hata majitaka kama mtaro uko jirani. Koki ikifunguliwa, hewa inatangulia: mita zinazunguka kwa upepo na mwenye nyumba analipia hewa. Mshtuko wa msukumo unalegeza viungo. Nyumba za bondeni zinajaza kwanza, za juu zinapata mwisho au hazipati, basi kila mmoja anafunga kijipampu kwenye bomba lake, na kijipampu kinavuta uchafu zaidi. Ukibadilisha mabomba yote leo bila kuondoa mgao, baada ya miaka michache unarudi pale pale.

Na koki ya juu kabisa iko kwa Mekorot. Juni 2016 mji wa Salfit, Ukingo wa Magharibi, ulikauka katikati ya Ramadhani. Maelezo ya Israel yalikuwa kwamba mahitaji yamepanda na mabomba yamezidiwa. Inawezekana kabisa yalikuwa yamezidiwa. Ila nani apunguziwe kwanza yakizidiwa, huo ni uamuzi wa mtu.

Chujio_la_Bahari:

Nichukue Gaza, maana ni tatizo jingine kabisa. Haina mlima. Ina mchanga wenye maji chini yake, na uwezo wa mchanga huo kujazwa na mvua ni kama milioni 50 hadi 60 kwa mwaka. Kabla ya vita watu zaidi ya milioni 2 walikuwa wakivuta karibu mara tatu ya hapo. Ukivuta kupita kiasi pwani, bahari inaingia chini kwa chini. Juu yake yanazama majitaka na mbolea. Matokeo ni kloridi (chumvi) na naitreti kupita viwango. Shirika la Afya Duniani linataka naitreti isizidi miligramu 50 kwa lita, na zaidi ya asilimia 95 ya maji ya visima vya Gaza hayafai kunywa. Kuyachemsha hakusaidii: naitreti na chumvi haziondoki kwa moto, zinazidi kukolea.

"Si wachuje tu." Walikuwa wanachuja. Mitambo ya maji ya bahari ilikuwa mitatu, ukiwemo wa Deir al-Balah uliojengwa na UNICEF kwa fedha za Umoja wa Ulaya na kufunguliwa 2017. Vilikuwepo pia vichujio vidogo vingi vya watu binafsi vya maji ya visima, vikiuza kwa boza, na mistari mitatu ya mabomba ya Mekorot. Lakini mtambo wa kuchuja unakula umeme, unahitaji klorini, dawa ya kuzuia magadi na utando mpya wa kuchujia kila baada ya miaka kadhaa. Pampu, mabomba na kemikali kadhaa ziko kwenye orodha ya Israel ya vitu vyenye matumizi mawili, ya raia na ya kijeshi. Israel husema bomba hugeuzwa kombora. Kipuri kikikwama mpakani, utando ulioachwa bila kuoshwa na kuhifadhiwa kwa dawa unaziba au kukauka, na ukikauka ni wa kutupa. Mtambo haurudi siku umeme unaporudi.

Mlolongo wa vita unaonyesha jambo hilo. Baada ya shambulio la Hamas la Oktoba 7, 2023, Israel ilitangaza mzingiro kamili Oktoba 9 na kufunga mistari ya maji. Siku chache baadaye ikafungua sehemu ya kusini. Kituo pekee cha umeme cha Gaza kikazimika Oktoba 11 kwa kukosa mafuta. Mtambo wa Deir al-Balah ulikuja kuungwa tena kwenye umeme wa Israel 2024, na Machi 2025 waziri wa nishati Eli Cohen akaamuru laini ikatwe. Hawakugusa bahari wala chujio. Walizima swichi.

Mdadisi_wa_Ramani:

Mkuu, swali la mwisho. Kiwango cha dharura ni lita ngapi, na maji ya boza hapo yanatibiwaje?

Chujio_la_Bahari:

Lita 15 kwa mtu kwa siku ndicho kiwango cha chini cha mashirika ya misaada, kupika na kunawa vikiwemo. Familia ya 6 ni lita 90, yaani madumu manne na nusu ya lita 20, kila dumu kilo 20, na foleni nyingi husimamiwa na watoto.

Boza la lita 10,000 likilengwa miligramu 2 za klorini kwa lita linahitaji gramu 20 za klorini yenyewe. Kwa unga wa asilimia 65 hadi 70 ni kama gramu 30. Korogea kwanza unga kwenye ndoo, acha mashapo meupe yatuame, mimina maji ya juu tu, kisha subiri dakika 30 kabla ya kugawa. Kwenye dumu klorini ipimwe ibaki angalau miligramu 0.2 kwa lita, na ni afadhali 0.5 kwa sababu dumu lenyewe huwa chafu. Maji yakiwa na tope, klorini inaliwa na tope kabla ya kufika kwa vijidudu, kwa hiyo yatuamishwe kwanza. Dozi hiyo inaua vijidudu. Chumvi inabaki ilivyokuwa.